Mwalimu Mbele ya Redio na Simu: Maandalizi ya Walimu katika Kongo ya Kiswahili

Swala la vyombo vya kisasa shuleni huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni swala la vyombo vyenyewe: vimenunuliwa vingapi, shule ipi ina umeme, nani atalipia mtandao. Katika Kongo maswali hayo si madogo, lakini nyuma yake lipo jingine lisiloulizwa sana. Mwalimu anayefundisha Katanga, Maniema, Kivu au Ituri huandaliwa kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa hujifunza saikolojia ya mtoto, kwa Kifaransa huandika matayarisho ya somo, na ikiwa amebahatika kusikia neno lolote juu ya namna ya kupima habari, amelisikia kwa Kifaransa pia. Kumbe habari zinazomfikia mwanafunzi wake nyumbani, zile zinazomtia hofu, zinazomchekesha, zinazowafanya wazazi wake wakubali au wakatae chanjo, humfikia kwa Kiswahili, tena kwa sauti zaidi kuliko kwa maandishi. Maandalizi ya mwalimu na maisha ya mwanafunzi hupishana njiani bila kuamkiana.

Pengo hilo ndilo linalochunguzwa hapa. Si pengo la fedha tu, wala halitazibwa na sanduku la kompyuta.

Mambo mawili yasiyo sawa

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo semina nyingi za walimu huyachanganya. La kwanza ni kutumia vyombo ili kufundisha: kuwasikilizisha watoto kipindi cha redio, kuonyesha picha, kutafuta maelezo kwa simu. La pili ni kufundisha vyombo vyenyewe: ni nani anayesema, amejuaje, anasema kwa faida ya nani, na ni nini alichokiacha. UNESCO yenyewe imeyashughulikia katika vitabu mbalimbali. Mwongozo wake wa ujuzi wa walimu katika teknolojia ya habari na mawasiliano ulitoka mwaka 2008, ukarekebishwa mwaka 2011 na tena mwaka 2018. Toleo hilo la mwisho lina stadi 18 zilizopangwa katika ngazi tatu. Mtaala wake wa kuwaandaa walimu katika usomaji wa vyombo vya habari ulitoka mwaka 2011, na toleo la pili likafuata mwaka 2021. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: mwaka 1982, wajumbe wa nchi 19 waliokutana Grünwald, katika Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule, walitoa azimio la kutaka elimu ya vyombo vya habari ianze shule ya awali na kuendelea hadi utu uzima.

Mtu aweza kuwa hodari katika jambo la kwanza na asijue lolote juu ya la pili. Mwalimu kijana wa Lubumbashi huendesha simu yake kwa wepesi ambao mkaguzi wake hana, na asubuhi hiyo hiyo huenda ametuma kwa jamaa zake sauti asiyojua imetoka wapi. Wepesi wa vidole haukumsaidia.

Katika programu za Kongo, mageuzi ya masomo ya sayansi kwa darasa la saba na la nane, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 2010, yaliweka teknolojia ya habari na mawasiliano pamoja na hesabu na sayansi. Hatua hiyo ilikuwa njema, ila mahali pake pana athari. Mwalimu wa sayansi hufundisha sehemu za kompyuta, mara nyingine kwa kuichora ubaoni kwa kuwa haipo. Mwalimu wa lugha naye huona kwamba jambo hilo limekwisha kupewa mwenyewe. Hivyo kazi ya kupima maneno, ambayo kwa asili yake ni kazi ya somo la lugha, haina mlezi.

Redio iliyomtangulia mwalimu

Redio katika nchi hii ilikua karibu na shule. Radio-Léo ilianzishwa mwaka 1937 na mapadri Wajesuiti katika koleji yao ya Léopoldville. Hata hivyo ukaribu huo haukuwa na maana ya kwamba mwalimu alifunzwa la kufanya wakati sauti nyingine inapozungumza katika darasa lake.

Swali hilo lilipata jibu la kwanza lenye uzito mbali sana na Kongo. Mwaka 1974, nchini Nicaragua, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wenzao wa huko walianza kufundisha hesabu kwa redio kwa namna mpya. Sauti ya redioni iliuliza swali, ikanyamaza sekunde chache. Watoto wakajibu kwa pamoja. Kisha sauti ikatoa jibu lililo sahihi na kuendelea. Kenya ilitumia njia hiyo kufundisha Kiingereza kati ya mwaka 1980 na 1985. Nchini Kongo, mradi ulioitwa PAQUED uliitumia kati ya 2009 na 2014 katika majimbo ya wakati ule ya Bandundu, Équateur na Mashariki.

Asiyeijua njia hiyo hudhani kwamba humwondolea mwalimu kazi. Kinyume chake ni kweli. Kiini cha kipindi cha namna hiyo ni ule ukimya wa sekunde chache, na ukimya huo ni mali ya mwalimu. Redio haina macho. Haioni kwamba watoto wa mbele wamejibu na wale wa nyuma wamefuatisha midomo; haijui kwamba jibu lilikuwa sahihi lakini njia ya kulipata ilikuwa ya kubahatisha; haijui kwamba pikipiki imepita nje na swali halikusikika. Mwalimu aliyeandaliwa hutembea kati ya madawati wakati wa kipindi, huchagua mtoto mmoja wa kuangalia kwa kila swali, na hukumbuka mambo mawili au matatu ya kurudia kipindi kikiisha. Asiyeandaliwa huketi na kusikiliza pamoja na watoto, au hutoka nje. Tofauti kati ya walimu hao wawili haitokani na chombo, kwa kuwa redio ni ileile.

Kipindi kinachorushwa hewani, tena, hakimngoji mtu. Umeme ukikatika saa nne, somo limepotea. Ndiyo maana kipindi kilichohifadhiwa katika simu au kadi ndogo kina faida kubwa kwa shule ya Kongo: husimamishwa, hurudiwa, na ukimya wa sekunde tano waweza kufanywa dakika nzima kwa darasa lenye watoto wengi. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa mnamo Septemba 2019, madarasa yamejaa kuliko zamani, na jambo hilo dogo la kusimamisha sauti limepata uzito ambao waliobuni njia hiyo hawakuufikiria.

Shule zilipofungwa mnamo Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya redioni yaliyoitwa Okapi École yalisikika kwa Radio Okapi, redio iliyoanzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle, na ambayo hutangaza kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, iliyofanywa kwa haraka. Mwalimu wa darasani, lakini, hakuwa na nafasi ndani yake: sauti ilitoka studioni ikaenda moja kwa moja kwa mtoto, na mtoto aliporudi shuleni miezi kadhaa baadaye, mwalimu wake hakuwa na njia ya kujua alichosikia, alichoelewa, wala alichokielewa vibaya.

Mafunzo ya Beni na Butembo

Yote hayo ni juu ya kutumia vyombo. Uzito wa jambo la pili, yaani kuvisoma vyombo, ulionekana Kivu ya Kaskazini na Ituri kuanzia tarehe 1 Agosti 2018, siku ambayo mlipuko wa Ebola ulitangazwa. Ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 miongoni mwao walikuwa wamefariki. Chanjo ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 waliipata. Lakini kwa miezi mingi watu walikimbia vituo vya matibabu, na vituo viwili, kile cha Katwa na kile cha Butembo, vilishambuliwa katika juma moja la Februari 2019. Tarehe 19 Aprili mwaka huo, daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa katika hospitali mjini Butembo.

Ni rahisi kusema kwamba watu walidanganywa na uvumi. Maelezo hayo hayatoshi, na mwalimu akifundishwa hayo tu atafundisha vibaya. Tarehe 26 Desemba 2018 tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba wakaaji wa Beni na Butembo hawatapiga kura ya rais pamoja na nchi nzima, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa Ebola. Kesho yake kituo cha wagonjwa mjini Beni kilivamiwa na waandamanaji. Tangazo la tume lilikuwa jambo la kweli. Kwamba watu walikasirika lilikuwa jambo la kweli. Kauli ya kwamba ugonjwa wenyewe ulibuniwa ili kuwanyima kura, au kwamba ni biashara tu, ilikuwa ya uongo. Ila ilisimama juu ya msingi wa kweli, na ndiyo sababu ilikuwa na nguvu. Kazi ya mwalimu mbele ya kauli ya namna hiyo si kuwaambia watoto waiamini serikali. Ni kuwaonyesha mahali ambapo jambo lililotokea linaishia na mahali ambapo hitimisho la msemaji linaanzia. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kutangaza kwamba «huu ni uongo», na haiwezi kubuniwa na mwalimu siku ya hatari yenyewe.

Lugha nayo ilishiriki. Uchunguzi uliofanywa Goma mwaka 2019 na shirika la Translators without Borders ulionyesha kwamba watu walitaka maelezo marefu zaidi na kwa lugha waliyoizoea, na kwamba maneno kadhaa ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu yaliyotumiwa katika ujumbe wa afya hayakueleweka vyema. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili matokeo hayo hayashangazi. Kiswahili cha mabango hakikuwa Kiswahili cha sokoni, na aliyesema kwa Kiswahili cha sokoni alisikilizwa kwanza, awe mkweli au mwongo.

Yafaa pia kukumbuka kwamba intaneti ya nchi nzima ilikatwa tarehe 31 Desemba 2018, na watu wakakaa bila mtandao karibu siku 20. Uvumi haukungoja mtandao urudi. Kile ambacho Wakongo wamekiita kwa miaka mingi radio-trottoir, redio ya kando ya barabara, hakihitaji umeme. Anayefikiri kwamba usomaji wa vyombo vya habari ni somo la shule zenye mtandao pekee ameanza mahali pasipo penyewe.

Maneno yaliyopo tayari

Huenda mchango mkubwa zaidi wa masomo ya Kiswahili katika swala hili ni kuonyesha kwamba lugha yenyewe ina vifaa vya kazi, na pia ina mitego yake.

Mitego kwanza. Neno «habari» hubeba mzigo ambao Kifaransa hugawia maneno mawili au matatu: tukio jipya, maelezo yoyote, hata salamu. Neno «matangazo» ni la hatari zaidi. Vipindi vyote vya redio ni matangazo. Ujumbe wa mfanyabiashara wa sabuni ni tangazo. Ujumbe wa msiba ambao jamaa wameulipia ili usomwe hewani ni tangazo. Na amri ya gavana ni tangazo pia. Vyote hivyo husomwa na sauti ileile, kwa heshima ileile, mmoja baada ya mwingine. Mtoto anayesikia kwamba jambo «limetangazwa redioni» hajaambiwa kama limechunguzwa na mwandishi wa habari au limelipiwa kwa dirisha la ofisi. Mwalimu aweza kulifanya neno hilo moja kuwa somo la saa nzima. «Picha» vilevile ni mchoro, ni fotografia, na ni filamu, ingawa njia ya kudanganya kwa kila kimoja ni tofauti.

Sasa vifaa. Kiswahili kina neno dogo «eti», ambalo msemaji hulitia mbele ya kauli ili kuonyesha kwamba si yake na kwamba haidhamini. Watoto hulitumia kila siku bila kufundishwa. Kuna «inasemekana», umbo la kitenzi linalomficha msemaji kabisa. Kuna «wanasema», au «banasema» katika Kiswahili cha Lubumbashi, lenye kiambishi cha watu ambao hakuna awezaye kuwataja. Kuna vitenzi vitatu ambavyo kila mtoto anavijua: nimeona, nimesikia, nimeambiwa. Zoezi la kugeuza kila «banasema» kuwa sentensi yenye mtu, mahali na siku ni zoezi la sarufi kwa ukamilifu, na wakati huohuo ni zoezi la kupima habari. Mara nyingi sentensi hukataa kugeuzwa, kwa kuwa mtu wa kutajwa hayupo, na hapo watoto huona wenyewe bila kuhubiriwa.

Tena zoezi hilo haliombi ruhusa ya kigeni. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa au lugha za mazingira kuwa lugha za kufundishia katika shule ya msingi. Mwalimu anayefanya kazi hiyo kwa Kiswahili yumo ndani ya sheria. Ni maandalizi yake ndiyo yaliyobaki nje.

Katika chuo cha ualimu

Vyuo vikuu vya ualimu, vile vinavyoitwa ISP, pamoja na shule za sekondari zenye tawi la ualimu, ndivyo vinavyotoa walimu wengi wa nchi. Humo mwanafunzi huenda kwenye mazoezi ya kufundisha mbele ya mwalimu wake na wenzake, na somo lake hupimwa hatua kwa hatua kulingana na karatasi ya matayarisho. Hapo ndipo mahali pa kuingiza jambo hili, si katika semina ya siku mbili ambayo chakula chake hukumbukwa kuliko mafunzo yake.

Somo la mazoezi laweza kuwa la kawaida sana. Mwanafunzi wa ualimu hurekodi dakika tatu za taarifa ya habari ya Kiswahili, huzisikilizisha darasa kwa simu iliyowekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti iongezeke (mbinu ambayo kila nyumba inaijua), kisha huuliza: nani amenukuliwa, nani hakuulizwa, ni lipi msomaji ameliona na lipi ameletewa. Baadaye huleta sauti iliyopokewa kwa simu juu ya jambo hilohilo na kuuliza maswali yaleyale. Kinachopaswa kupimwa na mwalimu wake si kama simu ilifanya kazi, bali kama maswali yalikuwa ya kweli, au yalikuwa maswali ambayo jibu lake mwalimu amekwisha kulionyesha usoni.

Vifaa vya Lubumbashi yenyewe vinatosha kwa mwaka mzima. Kikundi cha maigizo cha Mufwankolo kiliwafikia watu wa mji kwa redio na televisheni kwa Kiswahili chao, na kazi yake ya mwaka 1986 juu ya methali ya madaraka yanayoliwa mazima ilichunguzwa na Johannes Fabian katika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Mtoto anayecheka igizo anajua kwamba mke na mume wanaogombana redioni si mke na mume. Amejuaje? Swali hilo humfundisha kwamba kila aina ya kipindi ina alama zake, na kwamba alama hizo zaweza kuibwa.

Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu naye alichora, mnamo 1973 na 1974, mfululizo wa picha zipatazo mia moja za historia ya nchi. Katika mojawapo, maiti za Lumumba, Mpolo na Okito zimelala chini, na nyuma yao imesimama misalaba mitatu. Hakuna anayedai kwamba misalaba hiyo ilikuwako usiku wa tarehe 17 Januari 1961. Mchoraji aliiweka, na alijua kwa nini aliiweka. Darasa linaloweza kueleza kazi ya misalaba ile, bila kumwita mchoraji mwongo na bila kudhani kwamba ameona kwa macho, limefika mbali kuliko darasa lililokariri ufafanuzi wa neno «propaganda».

Sauti ndiyo italeta taabu zaidi siku hizi. Kwa mababu, sauti ya mtu ilikuwa uthibitisho wake: aliyesikika nje ya mlango gizani alifunguliwa kwa kuwa sauti yake ilijulikana. Sasa kompyuta yaweza kuiga sauti ya mwanasiasa au ya askofu kwa muda mfupi, na mtoto wa Bukavu au Kolwezi hana kifaa cha kuitambua. Mwalimu wake pia hana. Kinachobaki ni maswali ya zamani juu ya njia ambayo ujumbe umepitia: aliyekutumia aliipata kwa nani, na huyo naye kwa nani.

Kikwazo cha mwisho ni karatasi. Mkaguzi anapoingia darasani hupima yale yaliyoandikwa katika fomu yake, na mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi huuliza yale unayouliza. Mwalimu mwenye mshahara mdogo na watoto wengi hatafundisha kwa muda mrefu jambo ambalo fomu haina nafasi yake. Katika somo la lugha nafasi hiyo yaweza kuwa ndogo sana, mstari mmoja tu: je, mwanafunzi ameweza kusema habari aliyoileta ameipata wapi?